Kuokoa Pesa kwa Mazoea Yanayotunza Mazingira: Mwongozo Kamili wa Nyumbani

Ukisikiliza ushauri mwingi kuhusu mazingira, utadhani kazi yenyewe ni kutoa pesa: nunua mfuko mpya wa nguo, nunua mswaki wa mianzi, nunua sabuni iliyochorwa jani la kijani. Mwongozo huu unaanzia kwingine. Nyumba inayotumia umeme, maji, chakula na mafuta kidogo huchafua kidogo, na kwa sababu hiyo hiyo hulipa kidogo. Bili yako ni shahidi mzuri kuliko lebo yoyote. Zoea linaloitwa la kijani lisipopunguza matumizi popote, lichunguze vizuri kabla ya kulikumbatia.

Jambo moja nalisisitiza tangu sasa, kwa sababu ndilo linaloamua kama utaona tofauti au la: pesa nyingi za nyumbani huondokea kwenye vitu vya kupasha moto na kupoza, chakula kinachotupwa, na safari. Chaja ya simu na taa ya varanda hupigiwa kelele sana, lakini mzigo wake ni mdogo. Anza penye uzito.

Hatua ya kwanza: Pima kabla hujabadilisha chochote

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari au simu, na kwa siku 7 andika namba za mita ya umeme na ya maji kila asubuhi, saa ile ile. Kama unatumia gesi, andika tarehe uliyofungua mtungi. Kama ni mkaa au kuni, tarehe mzigo ulipoingia. Nauli au mafuta ya gari andika kila siku. Chakula kinachomwagwa kiandike pia, na sababu yake: kilichacha, kilipikwa kingi, kilisahaulika nyuma ya friji. Wiki hiyo ishi kama kawaida. Ukianza kujibana siku ya kwanza hutapata picha ya kweli, na mwezi ujao hutakuwa na cha kulinganishia.

Sasa jifunze hesabu moja tu. Kila kifaa cha umeme kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Zidisha wati kwa saa unazokitumia, gawanya kwa 1000, unapata uniti. Uniti zidisha kwa bei unayolipia, unapata pesa.

Jaribu kwenye vitu viwili. Hita ya kuogea ya wati 4500 ikiwashwa kwa dakika 10 hula uniti 0.75. Balbu ya LED ya wati 9 ingelazimika kuwaka saa 83 ndipo imalize umeme huo. Simu ya kisasa ikichajiwa kila siku haimalizi hata uniti moja kwa mwezi. Ukishaziona namba hizi kwa macho yako, hakuna atakayehitaji kukuambia uanzie wapi.

Kabla wiki haijaisha, fanya majaribio mawili ya usiku. Andika mita ya umeme unapokwenda kulala, iandike tena unapoamka. Tofauti hiyo ndiyo umeme ulioliwa na nyumba iliyolala. Friji itakuwamo, lakini angalia na vinginevyo: king'amuzi, redio, kompyuta, kila kitu chenye kataa kekundu. Kumbuka kanuni hii: kila wati 1 inayokaa imewashwa mwaka mzima hula uniti 8.76. King'amuzi kinachovuta wati 10 bila mtu kutazama kinakula karibu uniti 88 kwa mwaka. Vichomeke vyote kwenye kebo moja ndefu yenye swichi, na izime kabla ya kulala.

Jaribio la pili ni la maji. Funga mabomba yote, soma mita, na asiguse maji mtu yeyote kwa saa mbili. Namba zikisogea, kuna mahali panavuja.

Hatua ya pili: Kamata joto

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo penye pesa.

Maji ya kuoga. Kuchemsha maji ni kazi nzito kuliko inavyoonekana, kwa kuwa maji hunyonya joto jingi kabla hayajawa moto. Nyumba yenye watu 4, kila mmoja akioga dakika 10 kwa hita ile ya wati 4500, inatumia uniti 3 kwa siku kwa kuoga tu. Wakishuka hadi dakika 5, wanabakiza uniti 1.5 kwa siku, yaani 45 kwa mwezi. Hakuna badiliko jingine la bure nyumbani linaloweza kushindana na hili kirahisi. Mbinu inayofanya kazi ni kufunga maji wakati wa kujipaka sabuni, kisha kuyafungua kwa kusuuza. Kama hita yako ina vitufe vya kuchagua kiwango cha joto, tumia cha chini siku za joto. Kama ni ya tangi, iweke kwenye nyuzi 60 hivi: juu ya hapo unapoteza joto bila sababu, na chini ya hapo bakteria wanaweza kuzaliana ndani ya tangi.

Birika. Kuchemsha lita 1 ya maji yaliyokuwa nyuzi 20 huchukua takriban sehemu moja ya kumi ya uniti. Inaonekana ndogo, ila fikiria anayejaza birika la lita moja na nusu wakati anahitaji nusu lita, mara tatu kwa siku. Lita ile ya ziada inapoa yenyewe na umeme wake umekwenda: karibu uniti 9 kwa mwezi. Pima maji kwa kikombe kile kile utakachonywea. Ukipenda kuchemsha mara moja kwa siku, yahifadhi kwenye chupa ya chai.

Jiko. Mfuniko ni kifaa cha kwanza cha kuokoa nishati jikoni, na kila nyumba inao. Sufuria iliyo wazi inapoteza joto pamoja na mvuke. Chakula kikishachemka, punguza moto. Maji yanayochemka kwa fujo na yanayochemka taratibu yana joto lile lile, kilichoongezeka ni mvuke na gharama. Moto wa gesi usizidi kitako cha sufuria, kwa sababu ndimi zinazopanda pembeni zinapasha hewa. Ukiona moto wa manjano na masizi, safisha matundu ya jiko au mwite fundi, maana gesi haiungui vizuri. Moto mzuri ni wa buluu.

Vyakula vigumu kama maharage na nafaka nzima viloweke usiku kucha. Kama uwezo upo, sufuria ya presha ni moja ya vitu vichache ninavyothubutu kukwambia ununue: ndani yake maji hufikia kama nyuzi 120 badala ya 100, na muda wa kupika unaweza kushuka hadi theluthi. Asiye nayo anaweza kupikia joto lililobaki. Chukua kapu au kasha, litandike blanketi kuukuu au mito midogo chini na pembeni. Chemsha chakula vizuri, funika, toa sufuria motoni ikiwa imejaa, izike ndani ya kapu, kisha ifunike juu kwa mto mwingine. Wali humalizikia humo bila moto. Vyakula vigumu huhitaji saa kadhaa. Angalizo mbili ni za lazima. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili isiyoondoka kwa joto la chini, hivyo mwaga maji ya kulowekea na uyachemshe kwa nguvu angalau dakika 10 kabla hayajaingia kapuni. Na chakula chochote kilichokaa humo muda mrefu kichemshe tena kabla ya kula.

Kwa anayetumia mkaa: pika mfululizo. Jiko likishakolea, tia sufuria moja baada ya nyingine, na mwisho weka maji ya kuoga au ya kuoshea vyombo juu ya makaa yanayofifia. Usiingize jiko hilo kwenye chumba kilichofungwa kwa lengo la kupata joto. Hewa ya monoksidi ya kaboni haina harufu, na inaua.

Friji. Nyuzi 3 hadi 5 zinatosha kwa friji, na 18 chini ya sifuri kwa friza. Kuishusha zaidi ni kulipia baridi usiyoihitaji. Isogeze mbali kidogo na ukuta ili joto la nyuma lipate pa kutokea, na usiiweke karibu na jiko wala mahali jua linapopiga. Pima mpira wa mlango kwa karatasi: ibane mlangoni kisha ivute. Ikitoka bila kushikwa, baridi yako inavuja usiku na mchana. Safisha mpira, na ukiwa umechakaa ubadilishe. Barafu ikijijenga kwenye kuta za friza, iyeyushe mapema, kwa sababu inakuwa blanketi kati ya mashine na chakula. Usiichokoe kwa kisu.

Kiyoyozi na feni. Feni ya wati 60 haipoozi chumba, inampooza mtu kwa kupeperusha hewa juu ya ngozi yake. Ukitoka, izime. Kiyoyozi kinaweza kuvuta wati 1000 na zaidi, hivyo anza na pazia upande wa jua, dirisha wazi alfajiri, na feni. Kikiwa cha lazima, ongeza nyuzi mbili au tatu juu ya ulizozoea, washa feni pamoja nacho, na safisha chujio lake mara kwa mara.

Kufua na kupiga pasi. Mashine ya kufua ikichemsha maji, sehemu kubwa ya umeme wake huenda kwenye joto, si kwenye kuzungusha. Nguo za kawaida hutakata kwa maji baridi. Maji ya moto yaachie nguo za mgonjwa, nepi na taulo za jikoni. Subiri mzigo ujae. Anika juani. Pasi usiiwashe kila asubuhi kwa shati moja: kusanya nguo za wiki, anza na nyepesi wakati pasi inapata moto, malizia na nyepesi nyingine baada ya kuizima, ingali na joto.

Hatua ya tatu: Maji yasiyoonekana

Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hupoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni lita 600 na ushee. Mara nyingi ugonjwa ni kiraba kidogo ndani ya koki, ambacho mtu yeyote mwenye spana anaweza kukibadilisha baada ya kufunga koki kuu.

Choo huvuja kimyakimya na hupoteza kuliko bomba. Weka matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo, usivute maji kwa dakika 15, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana chini, vali haifungi. Kama tangi ni la zamani na ni kubwa, chupa ya plastiki iliyojazwa maji na kuwekwa ndani yake, mbali na mitambo, hupunguza kila mvuto kwa ujazo wa chupa hiyo. Usitumie tofali, maana humong'onyoka na kuharibu vali.

Maji ya kusuuzia mboga yanafaa kwa mimea. Maji ya suuzo la mwisho la nguo yanafaa kudekia au kumwagia chooni. Yatumie siku hiyo hiyo kabla hayajanuka.

Anayeweza kuvuna mvua asiiache ipite. Hesabu yake ni nyepesi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 40, mvua ya milimita 10, unapata hadi lita 400. Ukitoa zinazoruka na kuvuja, 300 na kitu. Maji ya dakika za mwanzo yaache yaende, yanaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Pipa lifunikwe vizuri, la sivyo unafuga mbu. Kwa kunywa, maji hayo yanahitaji kutibiwa kwanza.

Hatua ya nne: Chakula, shimo ambalo halina bili

Hakuna mita inayohesabu chakula kinachotupwa, ndiyo maana hatukioni. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotoka 2024 ilikadiria kuwa mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani. Si hotelini wala sokoni, majumbani mwetu. Na taka za chakula zikifukiwa jalalani bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha dunia joto kwa nguvu kubwa kuliko kaboni dioksidi.

Rudi kwenye daftari lako la wiki ya kwanza na uangalie sababu, kwa kuwa kila sababu ina dawa yake. Kama chakula kinachacha kwa kupikwa kingi, pima kwa kikombe kabla ya kupika na uandike kiasi kilichotosha. Kama kinasahaulika, tenga rafu moja ya friji iwe ya vinavyotakiwa kuliwa kwanza, iwe usawa wa macho, na kila mtu nyumbani aijue. Kama unanunua usivyohitaji, chungulia friji na kabati kabla ya kutoka, andika orodha, na usiende dukani ukiwa na njaa.

Masalio yaingie kwenye friji ndani ya saa mbili, kwenye vyombo vifupi vipoe haraka, na yaliwe ndani ya siku tatu au nne. Jifunze pia kusoma tarehe kwenye pakiti. Maneno ya "bora kutumika kabla ya" yanazungumzia ubora: biskuti iliyopita siku chache inaweza kuwa salama kabisa. "Tumia kabla ya" ni suala la usalama, hilo liheshimu, hasa kwa nyama na samaki.

Maganda na mabaki yasiyolika yatengeneze mboji. Changanya vya kijani, kama maganda, na vikavu, kama majani makavu au karatasi iliyochanwa, vikavu vikizidi. Geuza kila wiki, weka unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa. Nyama na mafuta usitie, vinaleta panya. Mboji ikinuka vibaya, imekosa hewa au imelowa mno: ongeza vikavu na ugeuze.

Hatua ya tano: Safari

Hili nitalipitia haraka, kwa sababu hali za watu zinatofautiana mno. Orodhesha safari zako za wiki na weka alama kwenye zile fupi kiasi cha kutembea au kuendesha baiskeli. Unganisha shughuli za upande mmoja kwenye siku moja. Mwenye gari apime upepo wa matairi kila mwezi, atoe mizigo asiyoihitaji, aende kwa mwendo wa utulivu na azime injini anaposubiri. Kupanda gari moja na majirani wanaoelekea njia moja hugawanya gharama papo hapo.

Hatua ya sita: Nunua kidogo, tunza kirefu

Sitaki mtu atupe vyombo vyake vya plastiki vizima ili anunue vya kioo kwa jina la mazingira. Chombo kilichokwisha kutengenezwa, kitumie hadi kichoke. Vivyo hivyo mfuko wa nguo: kuutengeneza hutumia maji na nishati nyingi, kwa hiyo faida yake inapatikana ukitumika mara nyingi sana. Mitano iliyokunjwa kabatini si faida kwa mtu.

Kwenye usafi wa nyumba, vitu vichache vinatosha: sabuni ya mche au ya maji, siki nyeupe, magadi ya kuokea na matambara yaliyokatwa kutoka nguo kuukuu. Siki huondoa ukoga mweupe wa chumvi za maji. Magadi husugua bila kukwaruza sana. Ushauri maarufu wa kuvichanganya siufuati, kwa kuwa vikikutana vinamalizana nguvu na kubaki maji yenye chumvi kidogo na mapovu. Kuna mchanganyiko mwingine ambao ni hatari kabisa: dawa ya klorini isikutane kamwe na siki wala na dawa yenye amonia, maana hewa inayotoka ni sumu.

Vitu vya kutumia na kutupa ndivyo vinavyolipiwa milele. Hesabu pedi, nepi, betri na tishu za mwaka mzima kisha linganisha na vya kurudia: pedi au nepi za kitambaa, betri za kuchaji, leso. Kikombe cha hedhi kikitunzwa vizuri kinaweza kudumu miaka mingi, mradi kuna maji safi na namna ya kukichemsha. Si kila mtu atapenda kila kimoja; chagua kinachokufaa.

Kwa vilivyoharibika, fundi kwanza, duka baadaye. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kifungo kilicholegea, soli inayoachia na waya wa pasi uliochubuka hugharimu kidogo leo. Na kitu utakachokitumia mara moja kwa mwaka, kama ngazi ndefu au mashine ya kutobolea ukuta, azima au kodi.

Hatua ya saba: Lini ufungue pochi

Mwezi wa kwanza usinunue chochote isipokuwa viraba vya mabomba. Mazoea ya bure yafanye kazi kwanza. Baada ya hapo, kila kifaa unachokitamani kipitishe kwenye hesabu hii: bei yake gawanya kwa pesa kitakayookoa kwa mwezi. Jibu ni miezi ya kurudisha gharama. Kikirudisha ndani ya mwaka, nunua bila wasiwasi. Kikihitaji miaka mitano na chenyewe kinadumu mitatu, kiache.

Chukua balbu. Ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 5 kila siku hula karibu uniti 110 kwa mwaka. LED ya wati 9 yenye mwanga unaokaribiana hula 16. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya uniti yako na utaona. Badilisha kwanza zinazowaka muda mrefu, ya sebule na ya nje; ya stoo inayowashwa dakika mbili inaweza kusubiri iungue. Friji ni kinyume chake: nzima isiyo ya zamani sana usiitupe kwa ajili ya akiba ndogo, lakini ikifika wakati wa kununua nyingine, soma lebo ya matumizi ya nishati kabla ya kuangalia rangi na ukubwa.

Watu wa nyumbani washirikishe tangu wiki ya kupima. Mpe mtoto kazi ya kusoma mita, mpe mwingine usimamizi wa ile rafu ya vinavyoliwa kwanza. Amri za kuzima taa huchosha kila mtu. Namba ambayo mtoto ameisoma mwenyewe haibishaniwi.

Bili ya mwezi wa pili ikija chini, toa ile tofauti siku hiyo hiyo na uiweke kando, kwenye kibubu au akaunti isiyoguswa. Ikibaki kwenye pochi itamezwa na matumizi mengine kabla wiki haijaisha. Akiba ya kwanza inunue balbu za LED, akiba ya balbu ichangie sufuria ya presha, na sufuria ya presha ichangie pipa la mvua. Daftari endelea nalo, ila sasa soma mita mara moja kwa wiki. Ukiona namba imeruka ghafla, tafuta sababu siku hiyo, kuanzia kwenye hita, friji na tangi la choo.